Vibakuli vya laki tatu: mwezi wangu na chakula cha wanga kidogo

Mimi ni fundi cherehani Kariakoo, na kazi zangu nyingi ni za sendofu na kicheni pati. Kila msimu wa harusi hakosekani mteja wa kuniambia, "Fundi, toa inchi mbili hapo kiunoni, mpaka siku yenyewe nitakuwa nimeshuka." Zamani nilikuwa natoa. Halafu siku mbili kabla ya shughuli mtu analetwa analia, zipu imegoma katikati ya mgongo, na mimi ndiye ninayekesha kutafuta kitambaa cha rangi ileile. Siku hizi naitikia "sawa mwanangu", nakata kwa kipimo alichokuja nacho, na naacha akiba nene ndani ya mshono. Akipungua nitabana. Mpaka leo waliohitaji kubanwa inchi mbili nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Nalisema hili mapema ili mjue kwamba sikuwa na kisingizio. Nilijua. Na bado mwezi wa pili mwaka huu nikatoa 300,000 taslimu kwa watu walioniahidi kilo 10 ndani ya siku 30, bila mazoezi, bila njaa.

Jina lao silitaji. Na mimi nina biashara, najua jina likichafuka linavyosafishwa kwa taabu. Ni jiko dogo, wasichana watatu na bodaboda mmoja, wanapika "wanga kidogo" na kupeleka maofisini na madukani mjini. Nilipewa namba na mteja. Tangu Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo, aanze kuongelea ulaji wetu hadharani, huwezi kukaa kwenye daladala dakika kumi bila mtu kuulaani wali, kwa hiyo wazo lenyewe halikuwa geni kwangu. Nilikuwa na kilo 94, kiuno inchi 43 kwa futi kamba yangu mwenyewe, na magoti yaliyoanza kulalamika kwenye ngazi za mwendokasi.

Kifurushi ni siku 20, Jumatatu hadi Ijumaa, milo miwili kwa siku. Ukigawa ni 7,500 kwa mlo, na hapo nilipo mama ntilie ananipa wali samaki kwa chini ya nusu ya hiyo. Halafu kuna jambo ambalo kwenye tangazo halimo: hela ya bodaboda, 2,000 kila siku, unamlipa kijana mkononi. Siku 20 ni 40,000. Kijana mwenyewe sina neno naye, ana adabu, shikamoo yake haikosi hata akichelewa, na alichelewa mara sita. Mlo wa jioni unaletwa pamoja na wa mchana, kwa hiyo ilibidi nipande nao mwendokasi mpaka Kimara, kibakuli cha samaki mapajani, saa kumi na mbili jioni, watu wamebanana. Mlio na pua nzuri mliokuwa kwenye basi lile, mnisamehe.

Sasa chakula. Hapa nitawasifu, na sisifu kwa kulazimishwa. Changu wao wa kukaanga anakuja mkavu nje, laini ndani, na mchicha wa nazi ambao haukupikwa mpaka ukawa uji. Kuku wa kuchoma na kabichi iliyokatwa nyembamba kama tambi, ikapitishwa kwenye kitunguu na hoho, niliila yote na kutamani nyingine. Bamia na biringanya za nyama, safi. Na kila Alhamisi walileta dagaa wa nazi wenye ndimu na pilipili mbuzi, ambao, nasema kweli, niliwahi kuwaota. Kilichonishinda ni koliflawa waliyoisaga wakaiita wali. Ilikuwa imelowa, ina harufu ya maji ya kabichi ya jana. Wangeiita koliflawa ningeila kwa amani. Wali ni wali.

Siku nne za kwanza zilikuwa ngumu. Kichwa kiliniuma kuanzia saa nne asubuhi, saa ambayo miaka yote huwa nakunywa chai ya maziwa yenye sukari vijiko vitatu na maandazi mawili. Jumatano nilishona mkono wa kulia mahali pa kushoto. Choo kikagoma. Mdomo ukawa na harufu kama ya rangi ya kucha, mpaka binti yangu akaniuliza nimekula nini. Niliwaandikia, wakajibu kwa vikopa na "usikate tamaa mamii". Aliyenisaidia ni mtoto wa dada yangu anayesomea lishe pale Sokoine, Morogoro. Akasema, "Mama mdogo, ukiacha wanga ghafla mwili unamwaga maji, na maji yanaondoka na chumvi. Kunywa maji, weka chumvi kidogo kwenye supu, ule na majani zaidi." Ijumaa kichwa kilikuwa kimepoa. Maelezo hayo mafupi yalipaswa kuja na kibakuli cha kwanza.

Uzito nilipima kila Jumamosi asubuhi, mzani uleule wa kijana wa barabarani, dera lilelile, kabla ya kunywa chochote. Jumamosi ya kwanza: 90.8. Kilo 3 na pointi 2 ndani ya siku tano! Nilimpa kijana noti na kumwachia chenji. Nilipiga hesabu palepale kwenye kona, tatu mara nne ni kumi na mbili, nikaona hao watu hata wamejishusha kwa kuahidi kumi.

Jumamosi ya pili: 90.1. Ya tatu: 90.3. Yaani nimepanda. Nikampigia mtoto wa dada nikiwa na hasira kana kwamba yeye ndiye aliyekula hela yangu. Akanieleza taratibu, na nitawaeleza kwa maneno yangu. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, inaitwa glaikojeni, na kila gramu moja ya akiba hiyo inakaa na maji gramu tatu hivi. Ukiacha ugali, akiba inatumika, na maji yake yanatoka. Ndizo kilo zangu za wiki ya kwanza, sehemu kubwa maji. Nilikuja kulithibitisha mwenyewe: baada ya mwezi kwisha nilikwenda shughuli Mbagala, nikala pilau sahani mbili na soda, asubuhi ya pili yake mzani ukasoma karibu kilo mbili zaidi. Hakuna mtu anayenenepa kilo mbili za mafuta usiku mmoja. Siku tatu baadaye zilikuwa zimeondoka.

Halafu akanipigia hesabu ya kilo 10, na hii ndiyo iliyonikata maini. Kilo moja ya mafuta ya mwilini inabeba takriban kalori 7,700. Kumi ni 77,000. Gawanya kwa siku 30, unapata zaidi ya kalori 2,500 za kupungukiwa kila siku. Mtu wa umri wangu anayekaa kwenye cherehani kutwa hata hatumii kiasi hicho kwa siku nzima. Yaani ningefunga mdomo kabisa mwezi mzima, nisile hata tonge, na bado mafuta ya kilo 10 yasingetimia. Wanaoahidi hivyo wanauza maji, au hawajawahi kushika kikokotoo.

Nikamwuliza, basi kasi ya haki ni ipi? Akasema nusu kilo kwa wiki ni nzuri, ikifika kilo moja umefanya kazi kubwa. Akanitajia utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, uliochapishwa 2018: watu 609, miezi 12, kundi moja likila mafuta kidogo na jingine wanga kidogo. Wa mafuta kidogo walipungua wastani wa kilo 5.3, wa wanga kidogo kilo 6.0. Kwa mwaka! Na tofauti ya makundi yale mawili ni ndogo kiasi kwamba watafiti hawakuihesabu kuwa tofauti. Ndani ya kila kundi wapo walioshuka zaidi ya kilo 20 na wapo walioongezeka. Mwingine aliyenipendeza ni mzee William Banting wa London, fundi wa mazishi, mtu wa kupima watu kwa futi kama mimi ingawa wateja wake hawarudi kulalamika. Huyo ndiye aliyeufanya mtindo huu wa kuacha mkate, sukari, viazi na bia uvume katika miaka ya 1860. Alishuka kilo 21 hivi, na ilimchukua mwaka na siku kadhaa. Piga hesabu, haifiki hata nusu kilo kwa wiki. Na mpaka leo wapo watu wanaoiita dayati hii kwa jina lake.

Basi na hasira ikageukia jikoni kwao, maana wiki hiyohiyo ya tatu walileta viazi vitamu vya nazi. Nikauliza. Jibu: "Hivyo ni vya asili mama, havina wanga." Viazi vitamu! Karibu gramu 20 za wanga katika kila gramu 100. Siku nyingine wakaandika kwenye kundi lao la wateja kwamba ugali wa dona ruksa mtu ale ashibe. Dona ina nyuzinyuzi kuliko sembe na mimi naipenda, ila mahindi ni mahindi, sehemu kubwa ya unga wake ni wanga. Na mafuta walikuwa wanamwaga kana kwamba hayahesabiwi. Baadhi ya siku tui lilikuwa limeelea juu ya kibakuli kidole kizima. Mafuta yana kalori 9 kwa gramu, wanga 4. Ukitoa wali ukaweka tui la nazi mbili, mzani haujui kwamba uko dayati.

Kubwa zaidi kwangu ni hili. Nilipolalamika kwamba kilo zimesimama, waliniuzia, tena kwa msisitizo, "chai ya kuyeyusha tumbo", 45,000. Nilifungua pakiti nikanusa. Sanamaki. Bibi yangu alikuwa akitupa tukifunga choo. Utashuka uzito ndiyo, kwa kukaa chooni. Niliirudisha kwa kijana wa bodaboda hapohapo. Na kwenye kundi lao kuna mama alisema anatumia dawa za sukari, akaambiwa aanze tu kesho. Mwenye sukari, hasa anayechoma insulini, akikata wanga dozi yake inaweza kumwangusha. Aende kliniki kwanza, dawa zipangwe upya, ndipo aje kwenye vibakuli. Niliandika hivyo kwenye kundi. Ujumbe wangu ulifutwa, baadaye nikaondolewa kwa siku mbili kisha nikarudishwa, sijui nani alinihurumia.

Mwisho wa mwezi: kilo 89.4. Nimeshuka 4.6, nusu ya ahadi haikufika. Ila futi kamba, ambayo mimi naiamini kuliko mzani, ilisoma inchi 41 na nusu. Mzani unapima maji, choo, chumvi ya jana. Futi inajua kiuno tu.

Kifurushi cha pili sikununua. Mwezi uliofuata nilipika mwenyewe: Jumamosi alfajiri Feri kwa samaki, mboga Kariakoo hapahapa, mayai trei moja, parachichi, karanga kiganja kimoja. Wali sikuufukuza kabisa. Jumapili nakula na watoto, sahani moja ndogo, kwa sababu nyumba yangu bila wali wa nazi Jumapili itakuwa na kesi. Mchana namwambia mama ntilie aniwekee kibua na mchicha mara mbili, wali aache. Bei ananichaji ileile. Nilipohoji akasema, "Wali nilishaupika, wewe ndiye hukuutaka." Sikuwa na jibu. Wiki ya nane nilikuwa 86.9, kiuno inchi 40 na nusu. Ukiitoa ile wiki ya kwanza ya maji, imekuwa zaidi kidogo ya nusu kilo kwa wiki, kama alivyosema yule mtoto.

Nyota? Chakula nne, tena dagaa peke yao wana tano. Usafirishaji mbili na nusu, kwa ile hela ya bodaboda isiyotajwa. Ushauri wa lishe, moja, na hiyo moja ni kwa sababu ya vikopa. Kama una kazi nyingi, huna nafasi ya kupika, na 340,000 haikuumizi, wanunulie chakula, usinunue ahadi, na ukiona kiazi kiweke pembeni.

Wiki iliyopita nilimwandikia yule binti wa mapokezi, nikamwuliza kama naweza kununua dagaa wa Alhamisi tu, bila mengine. Amejibu kwamba wanauza kifurushi kizima pekee. Nimemwambia afikirie.