TAHADHARI: "Leica" ya dhahabu inayouzwa kwa bei ya kutamanisha

Mtandaoni kuna wauzaji wa kamera ndogo za chuma zilizopakwa rangi ya dhahabu au kuvishwa ngozi nyekundu, juu zimechongwa "Leica" (kamera maarufu na ghali ya Kijerumani) pamoja na tai, swastika (alama ya Wanazi) au "Berlin 1936". Bei yake ni rahisi mno kwa Leica, ila ni ghali mno kwa kile unachouziwa. Ndani yake ni FED ya Kharkiv au Zorki ya Krasnogorsk, nakala za Kisovieti za Leica II ya 1932. FED ilianza kutengenezwa 1934, Zorki 1948.

FED na Zorki si kamera mbaya. Zikiuzwa kwa jina lake halali, ni kati ya kamera za chuma za bei nafuu zinazofaa kununuliwa. Tatizo ni kwamba aliyeipamba aliifungua, akaikwangua kromu, kisha akairudishia bila kurekebisha kipima umbali (kifaa kinachokusaidia kulenga picha itoke wazi).

Usitegemee namba iliyochongwa juu, maana hata namba huchongwa upya. Mwombe muuzaji afungue lenzi (ni ya nyuzi za milimita 39) na apige picha ndani ya tundu lake, sehemu ya juu. Hapo kuna mkono mdogo unaoguswa na lenzi. Kwenye Leica ncha yake ni kigurudumu cha mviringo. Kwenye FED na Zorki ni kipande kigumu chenye umbo la kabari. Wachongaji hawajisumbui na sehemu hiyo. Akisema "mimi si fundi, siwezi kuifungua", achana naye: lenzi hiyo hufunguka kwa mkono kama kifuniko cha chupa.

Lenzi nayo ikaguliwe. Elmar halisi (lenzi ya Leica) ya sentimita 5, f/3.5, ina vibapa vya kurekebisha mwanga mara tu baada ya kioo cha kwanza. Industar-22 (lenzi ya Kisovieti) iliyobandikwa jina la Elmar inavyo baada ya kioo cha pili. Mulika tochi kwa mbele, zungusha ringi, utaona.

Kama umeshalipa, ijaribu kabla muda wa kuirudisha haujaisha, ila kwa uangalifu. Vuta filamu kwanza ndipo ubadilishe kasi ya shata. Kata ulimi wa filamu (ncha nyembamba ya mwanzo) uwe na urefu wa sentimita 10 hivi, la sivyo filamu hukwama ndani na muuzaji atadai umeiharibu wewe. Lenga mlingoti wa mbali, lenzi ikiwa kwenye ∞ (alama ya umbali usio na mwisho): taswira mbili unazoziona kwenye dirisha la kipima umbali zisipokutana, kipima umbali kimehama. Madoa ya mwanga yakijirudia mahali palepale kwenye kila picha, pazia la shata limetoboka.

Unapodai fedha, ambatanisha picha ya ile kabari na tangazo lenye neno "Leica". Lihifadhi tangazo mapema, kwani hufutwa haraka.