Sinza au Changanyikeni: kwa mwanafunzi wa Mlimani anayetafuta geto

Ukikosa kitanda kwenye hosteli za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kubebana (kulala kwenye kitanda cha mwenzako) kumekuchosha, majina mawili ya mitaa yenye mageto, yaani vyumba vya kupanga, utayasikia mapema.

Changanyikeni iko mgongoni mwa chuo. Darasani unaenda kwa miguu, ugomvi wa daladala za asubuhi haukuhusu, na ukisahau daftari unarudi kulichukua. Chuo cha Takwimu nacho kiko hukohuko, kwa hiyo majirani wengi ni wanafunzi wenzako; noti na sufuria huazimana bila shida. Ila kuna miinuko, na masika tope halina adabu. Usiku mapema tu kunatulia.

Sinza ni mji kamili. Viwanja vyake vilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa serikali uliosaidiwa na Benki ya Dunia, ndiyo maana mitaa inaeleweka hata kwa mgeni. Kijiweni, Mori, Makaburini (usiogope jina), kila kituo kina chipsi, saluni, stesheneri na mafundi simu mpaka usiku. Muziki wa baa nao haulali, na nauli ya kila siku inauma taratibu.

Mimi ningekaa Changanyikeni, Sinza niwe naenda Jumamosi.

Kote kuwili dalali hutaka kodi ya mwezi mmoja, na mwenye nyumba mara nyingi ya miezi sita kwa mkupuo. Kabla hujalipa, uliza kama LUKU (mita ya umeme) ni yako peke yako au ya kuchangia.