Sindano mpya ya redio gramu, na juu yake kabandika shilingi mia!

Fundi anayebandika sarafu kwenye kichwa cha mkono wa gramafoni ili santuri isiruke hajatengeneza kitu. Kaficha ubovu, na santuri ndiyo inayolipia. Hivyo ndivyo nilivyofanyiwa majuzi na fundi mmoja upande wa Makoroboi, hapa Mwanza, kwenye kazi ya kubadilisha sindano tu. Shilingi mia, imezungushiwa selotepu nyeusi! Kumuuliza, ananijibu: "Mzee, santuri zako ndizo zimechoka."

Hazijachoka hata kidogo. Sindano za redio gramu hizi zina ncha mbili na kijiti cha kugeuzia, upande mmoja kimeandikwa 78, yaani zile santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, upande wa pili LP, zile za kupiga muda mrefu. Ncha ya 78 ni nene karibu mara tatu ya ile ya LP. Yeye aliiacha kwenye 78, akajaribia santuri ndogo ya 45, ambayo mfereji wake ni mwembamba kama wa LP. Ncha nene haizami kwenye mfereji mwembamba, inapita juu juu ya kingo, ndiyo maana sauti inakonda na mkono unaruka. Dawa ilikuwa kugeuza kijiti, basi. Yeye akaongeza uzito! Ule unga wa kijivu uliojikusanya kwenye sindano ni santuri yenyewe inayosagwa.

Haki yake nimpe: sindano aliyoleta ni nzuri, almasi upande wa LP na yakuti upande wa 78, na zile nyaya nyembamba za katriji, kile kidude kinachobeba sindano na kutoa sauti kwa umeme, kazilehemu safi kabisa.

Kazi yenyewe si kubwa. Chomoa umeme, funga mkono kwenye kishikizo chake. Sindano kuukuu ishike karibu na kibanio, ivute chini kisha mbele. Nyingine zina skrubu ndogo. Mpya iingize hadi ibane, halafu tazama kwa lenzi kama ufito wake, kile kijiti chembamba kinachobeba ncha, umekaa ndani ya kile kipanda cha raba cha katriji. Usipokaa humo, sauti itatoka kwa mbali sana. Gundi usiguse, kwa sababu ufito lazima ucheze. Kisha pima uzito wa mkono pale kwenye ncha, kwa mizani midogo ya wanunuzi wa dhahabu, ambayo Mwanza haikusumbui kuipata, ncha ikiwa kimo kile kile cha santuri. Katriji nyingi za kauri za zamani zinatosheka na gramu 5 hadi 8. Ukivuka 10 unalima. Kurekebisha ni kwa springi ya nyuma ya mkono.

Ikiwa sindano ni mpya na sauti bado hafifu, shuku katriji. Zile za fuwele ya chumvi ya Rochelle zinaharibiwa na unyevu, na huku ziwani unyevu tunao. Hapo weka katriji ya kauri, sindano peke yake haisaidii.

Nilitaka kumpa nyota tatu kwa ile lehemu. Lakini 45 za muziki wa dansi zilizochapwa Nairobi miaka ya 70 huzikuti dukani, na moja yangu sasa ina mchirizi mweupe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nyota moja! Redio mpelekee, anaijua. Mkono wa santuri asiuguse, na hela ya ile 45 nakwenda kumdai.