Uzoefu wangu wa kuendesha blogu nikiwa Tanga: Blogger, WordPress, na domeni ambayo haikuwa yangu

Naandika blogu ya mambo ya Tanga tangu Machi 2017: mapishi ya kwetu, njia za kufika sehemu, na habari za kale ambazo wazee wanazisimulia barazani lakini ukizitafuta mtandaoni kwa Kiswahili huzipati. Kazi inayonilisha ni ukarani katika ofisi ya uwakala wa forodha karibu na bandari. Blogu naifanya usiku na Jumapili. Hakuna mwezi unaopita bila mtu kuniandikia, "Dada, nami nataka kuanza, nitumie nini, na kuna pesa?" Hapa nawaeleza huduma nilizotumia, zilivyonifaa na zilivyonitenda.

Nilianza na Blogger. Ni ya Google tangu 2003 na ni bure. Ukiwa na akaunti ya Gmail unachagua jina, linaishia na blogspot.com, na ndani ya robo saa umeshachapisha makala ya kwanza. Mimi sikuwa na kompyuta nyumbani. Makala kumi za mwanzo niliziandika kwa simu, nyingine nikiwa ndani ya daladala kutoka Chumbageni, na zilikwenda hewani bila shida.

Mwaka 2018 zikatoka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu awe na leseni, ada yake shilingi milioni moja kwa mwaka mbali na ada ya maombi. Sikuwa na milioni ya kuweka kwenye kitu kisichoingiza hata shilingi, hivyo nikaifunga blogu isionekane na mtu. Mwaka 2022 kanuni zilirekebishwa, ada ikapunguzwa, na leseni ikawa inawahusu zaidi wanaotoa habari na matukio. Niliuliza kwanza kama mapishi na matembezi yangu yanahitaji leseni, nikajibiwa, ndipo nikafungua. Nawe uliza TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kabla hujaanza, usitegemee maneno ya kijiweni wala haya yangu, kwa sababu kanuni hubadilika.

Nililotaka mlijue ni hili: nilipoifungua baada ya miaka minne, kila kitu kilikuwa mahali pake. Makala 58, picha zote, hata maoni ya watu. Sikuwa nimelipa senti. Likumbukeni hilo mnaposoma yanayofuata.

Kasoro za Blogger zipo. Sura zake ni chache na nyingi zimechakaa, na kupanga makala kwa mafungu ni kazi. Jina la blogspot nalo liliwafanya baadhi ya watu wanione mwanafunzi anayejifunza. Mwenye nyumba ya wageni mmoja pale Raskazone aliniambia wazi kwamba angenipa tangazo lake kama ningekuwa na "tovuti kamili". Maneno yake yaliniingia. Wakati ule sikujua kwamba Blogger inakubali kuunganishwa na domeni yako mwenyewe, yaani jina la anwani ya tovuti unalolilipia, bila malipo mengine zaidi ya yale ya domeni. Lau ningelijua, ningelipia jina tu nikabaki palepale, na yote yaliyonikuta yasingenikuta.

Februari 2023 nikahamia WordPress. Hapa watu wengi huchanganya, kwa hiyo nieleze kidogo. Kuna WordPress.com, kampuni inayokuhifadhia blogu yenyewe. Ukitumia ya bure wanaweka matangazo yao, na pesa ya matangazo hayo si yako. Halafu kuna WordPress yenyewe, programu iliyotoka 2003, ambayo ni bure na yeyote anaweza kuichukua, ila lazima ukodi nafasi ya kuiweka kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni inayokaa hewani muda wote. Mimi nilichagua hii ya pili. Kampuni moja ya Dar es Salaam iliniuzia kifurushi: domeni ya .co.tz, nafasi ya seva na kutengenezewa sura ya blogu, vyote shilingi 280,000 kwa mwaka. Kijana aliyenihudumia alikuwa mpole, akanihamishia makala zangu zote kutoka Blogger kwa siku moja, na blogu ikatoka nzuri kwelikweli. Nililia siku ile nilipoiona. Mwenye nyumba ya wageni naye akatoa tangazo lake, shilingi 60,000.

Nikalipa mwaka wa pili kwa wakati. Aprili 2024, asubuhi ya Jumatatu, nikafungua blogu nikakuta ukurasa mweupe wenye maneno mawili ya kosa. Nikapiga simu, haikupokelewa. Nikatuma ujumbe, ukasomwa bila kujibiwa. Siku ya kumi na sita ndipo nikapata jibu: diski ya seva imekufa, na nakala za akiba hazikuwepo. Nikasema basi, nipeni domeni yangu niende nayo kwingine. Hapo ndipo nilipojua kwamba domeni haikuandikishwa kwa jina langu. Mmiliki aliyeandikwa ni kampuni, barua pepe ni ya kampuni, na mimi niliyelipa miaka miwili sikutajwa popote. Ilinichukua miezi miwili ya kubembeleza na kwenda Dar mara moja hadi wakakubali kuihamisha.

Sikuwa na nakala yangu mwenyewe. Makala 58 za zamani zilikuwa bado Blogger, kwa kuwa sikuzifuta. Zilizopotea ni 41 nilizoandika baada ya kuhama. Mpwa wangu akaniambia nijaribu Wayback Machine, ile hazina ya kurasa za zamani inayoendeshwa na Internet Archive. Unaweka anwani ya blogu, inakuonyesha tarehe ilizopiga picha kurasa zako. Usiku ule hatukulala. Tulipata makala 23, baadhi zikiwa na picha. Tisa nyingine nilizikuta kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kwa sababu nilikuwa na tabia ya kubandika maandishi mazima kwa ajili ya wazee wasiopenda kufungua viungo. Tisa zimekwenda moja kwa moja. Mojawapo ilikuwa mazungumzo yangu na fundi wa mashua pale Deep Sea, mzee aliyenieleza namna wanavyochagua mti wa taruma, yaani mbavu za mashua, na namna ya kukalafati, yaani kuziba mianya ya mbao, kwa pamba na mafuta. Mzee yule alifariki mwezi mmoja kabla ya seva kufa. Nilikuwa nimefuta sauti ya mazungumzo yetu kwenye simu ili nipate nafasi. Hadi leo nikipita Deep Sea natazama chini.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kuhusu WordPress, namwambia programu yenyewe naipa nyota tano na sijutii kuwa nayo. Naweza kupanga makala nitakavyo, kubadili sura bila kugusa maandishi, na nikitaka kuondoka natoa makala zote kama faili moja nikaenda nalo popote. Inadai matunzo, ndiyo: kila wiki kuna kitu cha kusasisha, na ukirundika programu-jalizi, vile vipande vya kuiongezea blogu uwezo, blogu inakuwa nzito na milango ya wezi inaongezeka. Mimi ninazo nne tu. Ila anayekukodisha seva ndiye wa kumchunguza kama unavyomchunguza anayeposa binti yako. Muulize nakala za akiba zinachukuliwa mara ngapi, zinakaa wapi, na wewe unaweza kuzipakua mwenyewe? Domeni itaandikishwa kwa jina la nani? Halafu usingoje jibu la mdomo, angalia mwenyewe kumbukumbu za domeni uone jina lililopo. Sasa domeni nimeilipia mahali pamoja na seva mahali pengine, kwa makusudi, ili mmoja akianguka asiondoke na vyote. Kila Ijumaa usiku napakua nakala, moja kwenye flashi na nyingine naitupia kwenye barua pepe.

Hayo ni ya mitambo. Kuandika kwenyewe kuna uzito wake ambao hakuna kampuni inayouza dawa yake.

Makala yangu inayosomwa kuliko zote ni ya mkate wa kumimina. Niliiandika 2017 kwa nusu saa, kama shangazi alivyonieleza: loweka mchele usiku kucha, usage na tui la kutosha, tia hamira, sukari na iliki kiasi, acha uumuke, mimina kwenye sufuria, moto chini kisha mkaa juu ya mfuniko. Nikaona nimemaliza. Wakaanza kuniandikia. Dada mmoja wa Mwanza alisema wake umeganda kama ugali. Mwingine wa Dodoma wake ulibaki uji. Nikaenda kwa shangazi na kikombe cha kupimia, nikamwambia apike kama siku zote lakini kila anachotia nikipime kwanza. Alichukizwa, akasema mkono wake ndio kipimo. Tulipika mara tatu, Jumapili tatu. Vikombe viwili vya mchele vilitaka tui zito kikombe kimoja na robo. Nikagundua pia kwamba wa Mwanza alitumia tui la kopo, zito kuliko letu la kukuna. Niliandika upya makala nzima na vipimo, na nikaeleza la kufanya kwa tui la kopo. Tangu hapo maoni yamekuwa ya shukrani. Kazi kubwa ya blogu, kwa niliyoyaona, ni kurudi kwenye ulichokwisha kuandika na kukinyoosha. Anayefika kwako kupitia Google hajui kwamba una makala mpya, anaiona hiyo ya miaka saba iliyopita.

Ya pili ni ya silikanti. Samaki huyu wanasayansi walidhani ametoweka pamoja na dainosari, hadi 1938 alipopatikana Afrika Kusini. Huku kwetu, kuanzia miaka ya 2004 na 2005, wavuvi wa Kigombe na jirani zake wakawa wanamtoa kwenye nyavu za majarife za maji ya kina, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari yenye jina lake. Nilitumia wiki tatu, nikaenda hadi Kigombe kuongea na wavuvi. Mwezi wa kwanza ilisomwa na watu 14. Nilivunjika moyo, nisifiche. Leo inasomwa kila siku, zaidi na wanafunzi, na mwalimu mmoja wa Muheza ameniambia huitumia darasani. Ilichukua karibu mwaka mzima kufika hapo. Anayetaka kuona matunda kwa mwezi atachoka mapema.

Kitu kidogo lakini kikubwa: picha. Picha ya simu siku hizi ni MB nne au tano. Ukiweka sita kwenye makala moja, msomaji wako aliyenunua bando la siku umemmalizia bando. Mimi kila picha naipunguza hadi isizidi KB 150 kabla sijaipandisha. Tangu nianze kufanya hivyo watu wanasoma hadi mwisho.

Sasa pesa, maana ndilo swali la kila mtu. Niliomba AdSense, mpango wa Google wa kukulipa kwa matangazo yanayowekwa kwenye blogu yako, nikakataliwa mara ya kwanza, mara ya pili nikakubaliwa. Ukifikisha dola 10 wanakutumia barua ya posta yenye namba ya kuthibitisha anwani yako. Nyumba yetu haina sanduku, nikatumia sanduku la ofisini kwa ruhusa, na barua ilifika baada ya wiki saba. Kisha hulipwi mpaka ufikishe dola 100. Mimi ilinichukua miezi 14. Ukitoa domeni, seva na bando, kwa matangazo hayo pekee sijarudisha nilichotumia. Kilicholipa ni kingine kabisa: shangazi. Watu wa Tanga mjini waliosoma makala ya kumimina na hawana muda wa kupika walianza kuuliza kama kuna anayeuza. Nikaweka namba yake kwa idhini yake, na sasa Ramadhani hupika mikate hadi anawaita mabinti wawili wa jirani wamsaidie. Kwa hiyo ukiuliza blogu imeleta pesa, nitasema imeleta, lakini imeingia jikoni kwa shangazi.

Kama unaanza leo na huna hela, nenda Blogger bila kuona haya, halafu ukipata shilingi elfu thelathini hivi nunua domeni kwa jina lako mwenyewe uiunganishe. Ukae hapo mwaka. Ukiona bado unaandika, na makala zimekuwa nyingi hadi zinakushinda kupanga, hapo WordPress itakufaa, na zile za Blogger usizifute. Aliye na biashara na anataka tovuti ya haraka aweza kuanza na WordPress moja kwa moja, mradi asaini mwenyewe kila kinachoandikishwa.

Mimi naendelea. Wiki ijayo naonana na mtoto wa yule fundi wa mashua, amekubali tukae naye tena kuhusu mataruma na kalafati. Safari hii sauti itakaa mahali patatu. Domeni inaisha Februari, nimeiandika kwa wino mwekundu kwenye kalenda ya jikoni.