Kipaza sauti cha kiunoni kwa mwalimu wa chuo: tathmini kutoka Lubumbashi

Kifaa ninachokizungumzia ni kipaza sauti kidogo cha kubeba, chenye spika ya ukubwa wa kiganja inayofungwa kiunoni kwa mkanda, na maikrofoni nyembamba inayovaliwa kichwani na kuunganishwa na spika hiyo kwa waya. Maduka ya vifaa vya umeme katikati ya Lubumbashi huviuza vya aina nyingi, na wanaovinunua zaidi ni wahubiri na wachuuzi wanaotangaza bidhaa zao barabarani. Changu nilikinunua kwa dola 25 kwa ajili ya oditwari, yaani ukumbi wa mihadhara, ya mwaka wa kwanza, ambamo wanafunzi hukaa hadi kwenye ngazi na kwenye vizingiti vya madirisha. Baada ya kukitumia muhula mzima nathubutu kusema kwamba sijapata kununua kitu kingine kilichonisaidia katika kazi hii kwa kiasi hicho.

Msaada wenyewe, hata hivyo, hauko pale mnunuzi anapoutarajia. Wengi hununua kipaza sauti ili wawashinde wanafunzi kwa kelele, yaani sauti ya mwalimu ipande juu ya zao mpaka wanyamaze. Anayekitumia hivyo anapoteza fedha yake. Mwaka 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza kwamba mtu anayezungumza penye kelele hupandisha sauti yake bila kujitambua, na jambo hilo halimhusu mwalimu peke yake: wanafunzi wawili wanaonong'onezana huku spika inanguruma nao hupandisha sauti ili wasikilizane, walio nyuma yao hufanya vivyo hivyo, na baada ya dakika chache ukumbi mzima unavuma. Kwa hiyo mimi huacha kitufe cha sauti chini ya nusu, kiasi ambacho mwanafunzi wa safu ya mwisho anasikia vizuri akiwa kimya, lakini akianza mazungumzo anapitwa. Hapo wenzake wanaotaka kusikia humnyamazisha wao wenyewe, nami naendelea na somo bila kumwita mtu jina.

Ukizisikiliza kwa makini kelele za oditwari zetu, utagundua kwamba nyingi hazitokani na utovu wa nidhamu. Kozi hutolewa kwa Kifaransa, na katika masomo mengi notisi bado huandikwa kwa imla. Mwanafunzi aliyepitwa na nusu ya sentensi humwinamia jirani yake na kumuuliza kwa Kiswahili, "Amesema nini?" Jirani akimjibu, naye hupitwa na sentensi inayofuata, ikabidi amuulize mwingine. Mwalimu aliye mbele haoni swali hilo. Anaona midomo inayocheza, anahisi amedharauliwa, anaanza kufoka, na saa iliyobaki inakuwa ya ugomvi. Hii ndiyo sababu naona kifaa hiki kuwa chombo cha kuongoza darasa kabla ya kuwa chombo cha sauti: kinaondoa chanzo cha kelele, na mwalimu hahitaji kupambana na kelele yenyewe. Sentensi ya imla niliyokuwa nikiirudia mara tatu kwa ajili ya walio nyuma, sasa huirudia mara moja tu, na muda unaopatikana tunautumia kwa maswali.

Jambo la pili ni kwamba spika inatembea nami. Maikrofoni ya mezani, hata pale inapokuwapo, humfunga mwalimu mahali pamoja, na umeme ukikatika inakufa pamoja na taa. Nikiwa na spika kiunoni ninapanda ngazi za katikati hadi juu huku nikieleza, nasimama karibu na kundi lililoanza kucheka, naendelea na sentensi ileile bila kuwatazama, na kicheko kinaisha. Mtafiti wa Marekani Jacob Kounin, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1970, alionyesha kwamba kinachotofautisha madarasa tulivu na madarasa ya vurugu si namna mwalimu anavyokaripia kosa lililokwisha kutendeka, bali ni jinsi anavyojua kinachoendelea kila upande na kukiwahi kabla hakijaenea. Kujua huko ni vigumu sana kwa mtu aliyekwama mbele ya ubao akipigana na koo lake.

Nilichokuwa sikukitazamia ni uwezo wa kunyamaza. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi huko Marekani katika miaka ya 1970, aliona kwamba walimu walipouliza swali walisubiri jibu kwa takribani sekunde 1 tu, na kwamba waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi walishiriki. Katika ukumbi uliojaa, mwalimu anayetegemea nguvu ya mapafu huogopa kunyamaza, kwa sababu anajua atahitaji kupiga kelele upya ili kuurudisha utulivu. Mwenye kipaza sauti haogopi. Anauliza, anasubiri, mikono inaanza kuinuka hata pale nyuma ambako hapo awali hakuna aliyekuwa akijibu, kisha anaendelea kwa sauti ya kawaida.

Kuhusu mwili na akili, nitasema wazi kwamba huu ndio upande ulionigusa zaidi. Walimu huugua koo na sauti kuliko watu wengi wa kazi nyingine, na utafiti wa Nelson Roy na wenzake uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kwamba walimu wenye matatizo ya sauti waliotumia vipaza sauti vya kubeba walipata nafuu ya kweli, ilhali waliopewa mafundisho ya kutunza sauti peke yake hawakuonyesha mabadiliko makubwa. Lakini koo ni mwanzo tu. Anayefundisha kwa kupiga kelele saa nne mfululizo huwa amekaza mabega na taya, moyo unamwenda mbio, na mwili wake hauwezi kutofautisha kelele za kufundishia na kelele za hasira; ndiyo maana wengi wetu hutoka oditwarini tukiwa na ghadhabu ambayo hakuna mtu aliyeisababisha, tukaipeleka nyumbani kwa watoto. Tangu nianze kutumia kifaa hiki, jioni nina sauti ya kuzungumza na watu wa nyumbani, na nina subira ya kuwasikiliza. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa kupindukia wa kazini kuwa hali inayotokana na msongo wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Spika ya dola 25 haitapunguza rundo la kopi za mtihani zinazosubiri kusahihishwa, wala haitaharakisha mshahara. Inaondoa mzigo mmoja kati ya mingi, na mzigo huo ulikuwa wa kila siku.

Kasoro zake si chache. Ya kwanza ni waya wa maikrofoni, ambao ni mwembamba mno na huanza kukatika ndani, pale unapoingia kwenye spika. Dalili yake ni sauti inayokuja na kupotea unapogeuza kiuno kuandika ubaoni, na fundi wa simu anaweza kuulehemu, ingawa haudumu. Ya pili inawahusu hasa wanawake: mkanda wake umetengenezwa kwa mtu aliyevaa suruali, na juu ya liputa, yaani kitenge cha kujifunga, unateleza hadi nyongani. Wenzangu kadhaa huamua kuitundika spika shingoni, nayo ikikaribiana na maikrofoni hutoa ule mlio mkali wa kuchoma masikio, na oditwari nzima huangua kicheko. Dawa yake ni kukaza mkanda pembeni, juu kidogo ya nyonga, na kuweka maikrofoni kwenye pembe ya mdomo, umbali wa vidole viwili, si mbele ya midomo ambako kila pumzi inasikika kama upepo.

Betri inachajiwa kwa waya wa USB, na sanduku linaahidi saa 10. Changu hakijawahi kufika huko, ila kinamaliza mafunzo ya asubuhi na ya alasiri bila kuzima iwapo kimelala kwenye chaji. Masika yakifika, mvua ikipiga mabati ya ukumbi usio na dari, hakuna kifaa cha kiasi hiki kitakachosikika; siku hizo mimi hugawa zoezi la kuandika na kupita kati ya safu. Sponji ya maikrofoni nayo iwe ya mtu mmoja, kwa sababu inashika mate na vumbi la chaki, na katika idara ambako asistanti (wahadhiri wasaidizi) watatu wanatumia kifaa kimoja, mafua huzunguka kwa urahisi.

Sikipendekezi kwa anayefundisha kundi dogo la mazoezi, kwa kuwa katika chumba cha watu thelathini sauti ya spika inamweka mwalimu mbali na wanafunzi bila sababu. Kwa promosheni kubwa, yaani wanafunzi wote wa mwaka mmoja wa masomo, nakipendekeza kwa moyo wote, na naona si haki kwamba mwalimu ajinunulie chombo hiki kutoka mfukoni, wakati bei yake ni ndogo hata kwa idara isiyo na bajeti ya maana.

Anayekwenda kununua asiridhike na kujaribiwa kifaa kaunta, mahali ambapo kila spika inasikika vizuri. Mwombe muuzaji akivae na kusoma chochote kwa sauti ya kawaida, wewe usimame ng'ambo ya barabara, na ukishaelewa maneno bila kukaza masikio, rudi umwambie atikise waya kwenye shina lake huku akiendelea kusoma. Sauti ikikatika hata mara moja, chukua kingine. Kisha, kabla ya kulipa, hakikisha kwamba maikrofoni ya akiba inauzwa peke yake katika duka hilohilo.