Demon Copperhead ya kusikiliza, uzoefu wangu baada ya kumaliza yote

Nimemaliza jana usiku, kama masaa 21 hivi, na naandika sasa hivi wakati bado imenikaa kifuani. Ni riwaya ya Barbara Kingsolver ya 2022, ile iliyochukua stori ya David Copperfield ya Charles Dickens na kuitoa Uingereza ya karne ya 19 ikaenda kutua kwenye milima ya Appalachia, kaunti ya Lee, Virginia, Marekani, miaka ile vidonge vya maumivu vinaingia. Ilipata Pulitzer 2023 ila mi sikuichukua kwa ajili ya tuzo, nilikuwa nimetoka kuisoma ya Dickens nikataka kuona mtu anaihamishaje stori kubwa vile bila kuivunja mgongo.

Wasiwasi nilikuwa nao kweli. Stori za namna hii nimeshakutana nazo nyingi ambapo kilichobadilika ni nguo tu, mhusika anapewa simu na gari halafu mambo yanaenda vilevile, watu wanateseka kwa sababu ambazo siku hizi hazipo tena na wewe msikilizaji unabaki huamini.

Hii sio hivyo. Nitatoa mfano ulionishika kuliko yote: kwa Dickens kuna bwana Micawber, mtu wa madeni, ambaye David akiwa mtoto anapanga chumba kwake, na madeni yakimzidi bwana yule anafungwa. Zamani hizo Uingereza mtu alikuwa anaenda jela kwa deni, baba yake Dickens mwenyewe aliwekwa jela ya Marshalsea, London, mwaka 1824 na Dickens akiwa na miaka 12 tu akajikuta anafanya kazi kiwanda cha rangi ya viatu. Sasa Virginia ya juzijuzi jela ya wadaiwa haipo, utafanyaje? Kingsolver kaleta familia ya McCobb, na wao wamezama kwenye madeni vilevile, na wanamchukua Demon, kijana anayetusimulia stori, kama mtoto wa malezi ya kambo kwa sababu serikali inawalipa kila mwezi kwa kumlea. Yaani mtoto ndo amekuwa njia ya kuzibia deni. Njaa inamuuma humohumo ndani, na bado anatakiwa aende kazini kuchambua takataka kwenye duka moja, wakati David wa kule alikuwa anaosha chupa za mvinyo. Nilisimamisha pale nikakaa kama robo saa sijaendelea. Huyu mama hajahamisha watu tu, kajiuliza kule maskini walikuwa wanabanwa na nini na huku wanabanwa na nini, akaweka kimoja mahali pa kingine, na kinabana kwelikweli.

Na vidonge ndo roho ya kitabu. OxyContin, kidonge kikali cha maumivu kinacholevya na kumfanya mtu ashindwe kuacha, iliingia sokoni 1996 na maeneo kama yale yenye wachimba makaa na watu wenye migongo iliyoumia yalikuwa ya mwanzo kuumizwa, kampuni iliyoiuza ilikuja kukiri kosa mahakamani 2007, tena mahakama yenyewe iko Abingdon, hukohuko kusini magharibi mwa Virginia. Kwenye stori Demon anaumia goti kwenye mpira wa Kimarekani, daktari wa timu anampa dawa, na kuanzia hapo unajua kinachokuja ila huwezi kuzuia. Mama yake alishakufa kwa vidonge hivyohivyo siku ya birthday ya mtoto (David naye habari ya kifo cha mama yake alipewa siku yake ya kuzaliwa, hiyo kaiacha kama ilivyo na imeuma zaidi).

Msomaji ni Charlie Thurston na jamani huyu kaka anajua. Anasoma kwa lafudhi ya kule milimani, haraka, kwa hasira na utani wa kijana aliyeona mengi mapema, mpaka unasahau kuna mtu ameshika karatasi anasoma. Msiongeze spidi, mi nilijaribu na sauti yote ikapotea ladha. Apu niliyotumia ilikuwa inapoteza mahali nilipoishia, mara tatu nimerudi nyuma kutafuta sura, iliniudhi sana.

Kuna vitu havikunikaa. Majina yanafuatana na ya zamani karibu sana, Uriah Heep kawa U-Haul Pyles, Steerforth kawa Fast Forward, Murdstone kawa Stoner, ukishasoma ya Dickens kila jina linakuambia mapema huyu atafanya nini. U-Haul hasa nilitegemea angempa sababu ya kuwa vile, kwa Dickens Heep anachukiza lakini unaelewa alivyofundishwa kujidhalilisha tangu shule, huyu wa sasa anachukiza tu basi. Jina lina kazi kubwa kwenye kuhamisha stori, fikiria Nyerere alipoitafsiri ile tamthilia ya Shakespeare, The Merchant of Venice, 1969 akaiita Mabepari wa Venisi, mfanyabiashara kawa mabepari, neno moja tu na tayari unaingia ukiwa na jicho lingine. Na McCobb hana ule uchangamfu wa Micawber, nilimkumbuka sana yule mzee.

Kama hujasoma ya Dickens ingia tu, inasimama yenyewe. Kama utasoma zote basi anza na ya zamani, ilitoka kidogokidogo kila mwezi 1849 hadi 1850 na iko bure mtandaoni, ndefu ila haichoshi. Wenye historia ya madawa nyumbani kwao wajiandae, sehemu za Dori, mpenzi wa Demon, ni nzito mno, mi nilizigawa siku tatu.

Nyota 4 na nusu. Bahari ndo bado sijaacha kuiwaza. David anaijua bahari tangu mdogo, kule mji wa pwani wa Yarmouth kwa kina Peggotty, ndugu wa yaya wake, na ni bahari hiyohiyo inayokuja kuua baadaye. Demon ni mtoto wa milimani, hajawahi kuiona, ameitamani tangu mdogo na kila safari inakwama njiani, kifo cha majini kwake kimehamia kwenye dimbwi la maporomoko, na bahari imebaki safi inamsubiri mpaka kurasa za mwisho yuko ndani ya gari anaifuata.