Ryu, Ken na Akuma kwenye Street Fighter 6: uzoefu wangu

Ukiwatazama juu juu utadhani Capcom wamekuuzia mpiganaji mmoja mara tatu. Wote wanarusha moto uitwao Hadoken, wote wana Shoryuken, ngumi ya kupaa, ya kumshusha anayekuja kwa kuruka, wote wanazunguka na mateke ya Tatsumaki. Nimewacheza Ryu na Ken tangu gemu ilipotoka Juni 2023, na Akuma tangu alipoongezwa Mei 2024. Kwa mtazamo wangu moto wanaorusha si hoja. Angalia kila mmoja anavyofika alipo adui, hapo ndipo wanapoachana.

Ryu ni bingwa wa mbali. Akirusha Hadoken anarudi kwenye hali ya kawaida mapema kuliko Ken, kwa hiyo adui akiiruka anakukuta umeshajiandaa na Shoryuken. Ana Denjin Charge pia: anakusanya umeme mwilini, na Hadoken inayofuata inakuwa na nguvu ya kuufuta moto wa mwenzake na kuendelea na safari yake. Tatizo ni kwamba kukusanya umeme kunataka muda, na mtu anayejua kucheza hakupi muda huo. Nafasi nzuri ni baada ya kumwangusha, ila hapo ndipo ulipotakiwa kumfuata umbane kabla hajasimama sawasawa. Unachagua moja. Njia yake ya uhakika ya kuziba pengo ni Drive Rush, mbio za ghafla za kwenda mbele, na hiyo inakula mita ya Drive, akiba yako ya nguvu: ukiiunganisha na pigo la kawaida unalipa vipande vitatu kati ya sita. Ndiyo maana mechi za Ryu zinakwenda polepole. Mimi zinanichosha, nasema ukweli.

Ken hana subira hiyo, na ndiye ninayemshika siku nyingi. Ana mbio zake, Quick Dash, ambazo unazianzisha kwa kubonyeza mateke mawili pamoja. Zikiingia katikati ya kombo, yaani mapigo yanayofuatana bila adui kuweza kujitetea, zinambadilishia mapigo: Tatsumaki inayotoka mbioni si sawa na ya kusimama. Adui alikuwa katikati ya ulingo, umempata kwa pigo moja tu, umekimbia, umezunguka naye, na sasa mgongo wake uko kwenye kona. Akishafika huko ndipo Jinrai inapomtesa. Ni teke la kwanza linaloweza kufuatwa na mojawapo ya mateke matatu, au lisifuatwe na kitu. Anayezuia hajui lipi linakuja, wala kama linakuja.

Si ajabu AngryBird wa Falme za Kiarabu alibeba taji la Evo 2023, tamasha la gemu za mapigano, kule Las Vegas akiwa na Ken, kwenye mashindano ya zaidi ya watu 7,000.

Udhaifu wake? Hadoken ya Ken ipo kwa ajili ya kumsumbua adui tu. Ukitaka kushindana na Ryu kwa moto utaumia. Jinrai nayo ukiitumia sana, mwenzako anaisoma na kukukata kati ya teke na teke. Halafu Ken anashawishi kutumia mita ovyo. Mita ya Drive ikikauka unaingia kwenye burnout, hali ya kuishiwa, na humo hata ukizuia mapigo maalumu damu, yaani uhai wako, inapungua kidogo kidogo.

Akuma ana karibu kila walichonacho hao wawili, na bado anarusha moto akiwa hewani. Ana ule mruko wake wa Demon Raid ambao humalizikia kwa njia tofauti, hivyo aliye chini anabaki kubahatisha. Damu yake ikishuka hadi robo na mita ya Super, akiba ya mapigo makubwa, ikiwa imejaa, anapata Shun Goku Satsu, pigo lake kuu. Gharama ni kwamba ana damu 9,000 wakati Ryu na Ken wana 10,000. Tofauti hiyo huioni mpaka ile kombo ambayo ingemwachia Ken kipande cha damu cha kujitetea imemmaliza Akuma. Mdogo wangu anampenda mno, kila nikimwangusha utasikia, "Kaka, tena moja, sasa hivi nakumaliza." Mara nyingine kweli ananimaliza, kwa sekunde chache, sijagusa chochote. Raundi inayofuata anakufa hivyo hivyo.

Kwa anayeanza, demo ni bure na Ryu yumo, pamoja na Luke. Jifunze kumshusha anayeruka kwa Ryu kwanza, kisha uhamie kwa Ken ukinunua gemu kamili. Akuma hayumo kwenye gemu ya msingi, anauzwa pembeni, na kwa bei yake nisingemlipia kabla ya kumkodi kwa tiketi ya muda mfupi na kupigwa nikimtumia raundi kadhaa mtandaoni.